Eskalie ya Nyumba ya Matundu

Leoni, mwana yangu mwanamuke,

Kila muntu anaeleza hii habari mubaya. Ku mutaa ya Kampemba banasema muzee Banza, mie baba yako, alipenda mama wa kukaanga bitumbula, njo maana alikuwaka pale kila asubui, tumbo mbele kama mwanamuke wa mimba. Ku Makomeno banasema njaa ilinigeuza kichwa, nikaanza kula karatasi. Jirani yetu wa ku kona, ule wa kusengenya bantu mpaka mu misa, anaapa alinionaka na macho yake ninatafuna. Bongo! Bote banasema bongo, uongo mutupu. Mie sikulaka karatasi hata kipande. Mie nilikula nyumba muzima, toka fondasio mpaka juu ya paa, na mu Katanga yote hakuna mwanaume mwengine mwenye angeweza ile kazi. Bo, kitumbula ya ine tu inabashinda, banatafuta maji.

Sasa weye uko kwa jirani, banakusuka nywele ya safari. Nasikia unabisha nabo juu ya kamba ya kusukia, nawasikia banaseka. Kesho asubui Kasereka atapiga klakson, honi yake, pa mulango, na utapanda mu kamyo yake. Usiangalie nyuma, usiseme "Papa, nangojea kidogo". Ninaandika hii barua juu mbele ya macho yako mudomo yangu haiwezaka kazi: ikitaka kulia, inaleta maseko. Nitaiweka mu tuyau, ile bomba ya kubebea karatasi, pamoja na maplani yako ya manyumba. Utaikuta kule Zambia, ku Ndola, kwa mama mukubwa wako. Ukiisoma mbele ya kupita mupaka wa Kasumbalesa, utashuka mu kamyo na kurudia na miguu. Nakujua, kichwa yako ni nguvu kama beton ya nyumba.

Mambo ya kuvaa bintu ya baridi, ya kufunga sakoshi muzuri, ya kusali, mama mukubwa wako atakuambia yote. Anapendaka sana kuambia bantu. Mie ninakuletea eskalie, zile ngazi za Nyumba ya Matundu.

Lakini mbele nieleze vile ilikuwa kweli, juu siku ingine batoto yako batakuuliza, na sitaki baseme babu yabo alikuwa mulafi.

Unajua pilaje, ile kupora mali, ilipita mu muji yote. Basoda mbele, kisha bantu bote, hata bale benye banaimbaka mu korali. Balifika ku Nyumba ya Matundu pia, ile gorofa ya bapangaji, na mie sentinele, mulinzi wake, nilikuwa pale na fimbo yangu. Usiseke. Nilibasimamia pa mulango na nikasema: "Hapa munapita juu ya mwili yangu!" Mumoja akaninyanyua tu vile unanyanyuaka mutoto mwenye anacheza njiani, akaniweka pembeni, akasema: "Pardon, muzee." Njo hivyo balipita.

Pale chini kulikuwa biro, ofisi ya zamani ya muzungu mwenye alichora ile nyumba. Yeye alikwendaka kwabo zamani, lakini makabati yake ya chuma ilibaki, imejaa maplani. Bale bantu habakutaka plani. Balitaka makabati. Balimwanga karatasi yote mu koridoro, balibeba chuma. Na bamama ya soko balikuja nyuma, balikusanya karatasi, balienda nayo.

Weye ulilia siku ile. Iniversite imefungwa, maprofesere bamekimbia, na weye na barafiki yako mulikuwa munazunguka muji na kamba ya kupimia, munachora manyumba ya zamani mbele bantu babomoe yote. Mie nilikuwa nawaseka. Nilisema: "Bantu banatafuta bunga, beye munatafuta balkon." Lakini ile siku uliniambia, na macho mekundu: "Papa, ile nyumba haina muntu mwengine mwenye anaijua. Ikianguka bila plani, ni kama haikukuwako." Ile neno ilinikaa mu tumbo, mwana yangu. Mie nilizaliwa mu kambi ya ba shemindefere, bantu ya reli, baba yangu alitoka kule nord, kaskazini ya Katanga, na alikufa ku rel, na ile kambi leo haiko hata tofali. Hakuna muntu mwenye alichora nyumba yetu. Nikisema "tulikuwa na mulango wa buluu", nani ataniamini?

Basi nikatafuta. Na kumbe ile karatasi ilifika kwa mama Kisimba, mama wa bitumbula pale soko ya Kampemba. Ilikuwa kalke, ile karatasi unaona mukono yako nyuma yake. Alikuwa anaikata ine ine, anafunga bitumbula ndani.

Nikamuambia: "Mama, nipeko ile karatasi yote, nitakuletea karatasi ya mifuko ya simenti."

"Mufuko ya simenti inakunywa mafuta, muzee. Muntu anafika ku kazi na mufuko ya suruali imeloa. Hii ya bazungu haikunywe kintu. Angalia!"

"Basi niuzishe."

"Nikikuuzisha karatasi, bitumbula nitafunga na nini? Na kitambala yangu ya kichwa? Kula bitumbula, karatasi ni bure."

"Basi nifungie mu ile ya chini, pale."

"Weye, muzee! Unakulaka kitumbula ao unakulaka karatasi?"

Laini yote ya banunuzi ikapasuka na maseko. Pale njo hii habari mubaya ilianzaka, umesikia? Pale.

Na mie nikakula. Nilimupasuliaka kuni, nilimubebeaka maji, yeye alinilipa na bitumbula, na hakukubaliaka nichague karatasi. Karatasi yenye iko juu, njo ilikuwa ya zamu. Nilikula asubui, nilikula ya kesho yake asubui. Nilikula balkon, nilikula garaji, nilikula choo ya étage, gorofa ya pili, na tuyau yake yote ya maji. Nilitoka maupele ku shingo. Nilipeleka bitumbula ingine kwa batoto ya avenue, ya njia yetu, balinishangilia kama gavana. Na busiku weye ulikuwa unapanga bile bipande chini, unanyunyiza bunga juu ikamate mafuta, na mie ninakupigia makelele: "Bunga ya kupika bukari tunakosa, na weye unapatia karatasi ikule!" Lakini wino ya ule muzungu ilikuwa na nguvu, mafuta haikuiweza. Siku ile uso ya nyumba ilikamilika pa simenti, yote, na matundu yake yote mu laini, sikusema tena kintu. Ni weye ulisema: "Papa, unanyamaza? Unaugua?"

Ilibakia karatasi moja tu. Eskalie.

Mama Kisimba alisema pengine basoda baliikulia bitumbula zamani. Weye ukasema haizuru, eskalie yenyewe iko, utaenda kuipima siku ya kwanza ya kazi, Jumatatu. Na ingekuwa vile. Ingekuwa vile kama mie sikukwenda kunywa lutuku, ile pombe kali, siku ya Mungu, Jumapili.

Unajua ile sehemu. Lakini bantu banakueleza ni bichwa tu, sasa sikia vizuri. Nilikuwa nimekaa, ninakunywa yangu. Bale barafiki yangu, kama ni barafiki, banaanza: "Ee, bwana ya mama Kisimba! Harusi ni lini? Tutakula nini ku fete, bitumbula?" Nikamimina ingine. "Bibi yake alikufa, Mungu amupumzishe, muzee anatafuta mwenye anajua kukaanga." Pale nikasimama. Wangenitukana mie, hapana neno. Lakini mama yako habakumutia mu maneno ya lutuku. Nikatoa kipande ya plani mu mufuko, ile ya choo ya étage ya pili, nikaitandika pa meza: "Beye batoto, beye! Munajua hii ni nini? Hii ni butajiri! Munaona hii mustari inashuka mu ukuta ya eskalie? Ni tuyau ya mukuba. Shaba ya kweli, minene kama mukono yangu, toka juu mpaka chini!"

Ilikuwa tuyau ya maji, mwana yangu, ndogo kama kidole. Lakini hapa kwetu, muntu akisikia "plani" na akisikia "mukuba" mu sentensi moja, yeye hasikie tena kintu kingine. Haoni nyumba. Anaona karieri, shimo ya madini. Babu zabo balichimba, baba zabo balichimba, mashirika imekufa, tumbo haina kintu, na muzee mumoja anakuja na karatasi ya bazungu yenye inaonyesha shaba inalala fasi gani. Baliacha kunywa. Habakuniseka tena. Na mie mujinga, nilifurahi. Nilirudia nyumba nikiimba.

Asubui balikuwa na manyundo. Ile eskalie, kila ngazi ilikuwa imeshikwa mu ukuta na upande moja tu, ingine inabaki mu hewa, njo buzuri yake. Balipasua ukuta kutafuta tuyau, na ngazi zikaanza kutoka moja moja, kama meno ya muzee. Zilianguka mpaka ya mwisho. Habakufa muntu, Mungu asifiwe. Ulifika na kamba yako ya kupimia mu mukono. Hukulia. Hukunitukana. Ulikaa mu bulongo, ulibeba kipande ya granito, ulisema tu: "Papa, mudomo yako."

Ingefaa unipige.

Kuanzia ile siku sinywe tena. Sikuambii juu unisifu. Ninakuambia juu najua sasa: muntu akikuseka, muache aseke mpaka achoke. Mie nilitaka kushinda buvet, baa moja ya bantu benye balilewa, na nilikulipisha weye.

Kisha ile habari ingine ikaja, yenye haikutoka mu mudomo yangu: bantu ya Kasai balianza kufukuzwa mu Katanga yote. Balikuja batoto ya avenue, bale bale benye mama yako alibapanguzaka kamasi, bale bale benye balikulaka bitumbula yangu. Balisimama pa mulango na heshima yote.

"Tata Banza, jambo. Leoni anaenda siku gani?"

"Anaenda wapi?"

"Kwabo."

"Kwabo ni hapa. Nyuma ya hii mulango, ile kitanda ya kushoto."

"Kwa bamama yake ni Kasai, tata. Shiye tunakuheshimu. Njo maana tunauliza mbele."

Walisema "mbele", Leoni, na mie nilijua nini inakuja nyuma. Sikukuambia ile neno ya mwisho. Nilikuambia tu balikuja kusalimia. Busiku ile nilienda kwa Kasereka. Unamujua, ule mufanyabiashara wa Butembo mwenye anatoa bunga Zambia. Yeye hanisekaka hata siku moja, hana wakati. Nilimuambia: "Nipeko fasi moja." Yeye akajibu na kiswahili yake ya kule: "Mzee, wawili." Nikasema moja. Akaniangalia, akasema: "Na wewe utabaki kufanya nini?" Nikasema: "Niko sentinele." Akaseka siku ile, mara ya kwanza.

Na kweli, ninabaki kufanya nini? Sijui, mwana yangu. Nyumba imebaki na mifupa. Bapangaji bote balitoka. Kila asubui nakuta dirisha moja imekwenda, kila siku nasikia nyundo mu étage ya juu, bezi banapanda na kamba, na mie sina nguvu ya kupanda, na sasa hakuna fasi ya kupandia. Ninakaa pale na fimbo yangu, nasalimia bezi. Lakini tukienda bote bawili, kaburi ya mama yako itabaki na nani? Batasema hata ile irudie kwabo.

Leo asubui ulikataa kufunga bintu. Ulisema: "Sitaenda. Plani bila eskalie, bantu ya juu batashuka aje?" Ulisema utabaki juma moja tu, utapima bipande mu bulongo, utahesabia. Mwana yangu, juma moja haiko. Nakulomba, nakupigia magoti, mie Banza mwenye sikupigiaka muntu magoti isipokuwa ngazi za bazungu. Enda. Eskalie nitakupa mie.

Ya chini unaijua na miguu yako, ulikuwa unakimbiaka pale nikikufukuza na brosi. Unajua vile inazunguka upande wa kushoto. Unajua granito ya kijivu na vijiwe vyeusi na vyeupe. Unajua vile saa ya mangaribi jua inapita mu matundu ya ukuta na inamwangika pa ngazi, tone tone, kama manyoya ya kanga, ile ndege. Garadefu ya shaba, ile ya kushikia mukono, ilikuwa inapata joto, mama yako alikuwa anaitia mugongo akiwa na mimba yako. Alikaa ku kona ya étage ya pili, pale ngazi inapanuka, besani ya nguo juu ya magoti, akiniita: "Banza, kuja unisaidie, acha kuelezea bantu bongo!" Andika pale, mu plani, fasi ya kupumzikia. Hata kama ule muzungu hakuiandika.

Na uandike hii pia: wakati nyumba ilikuwa mupya, shiye hatukukubaliwa kupanda ile eskalie na viatu. Nilipanda na magoti, na brosi, nikirudi nyuma nyuma. Watakaokuja batasema "oh, buzuri!" na ni kweli, ilikuwa buzuri, niliisafisha mpaka bazungu balikuwa banaona meno yabo ndani. Hakuna muntu alisafisha kama mie. Lakini bajue nani alikuwa anaisafisha.

Sasa ile usiyoijua. Juu ya étage ya mwisho kulikuwa mulango ya chuma, funguo ilikuwa yangu. Kila siku ulikuwa unaniuliza: "Papa, kule juu kuko nini?" Siku moja nilisema simba. Siku ingine nilisema muzungu mwenye alikauka. Ulilala na taa mpaka mama yako alinigombeza. Kule juu kulikuwa ngazi ya mwisho, ya kufika pa terasi, fasi ya mapipa ya maji na fasi ya kuanika nguo. Ni shiye tu tulipitaka pale, maboyi na bamama ya kufua.

Chora hivi. Ukifungua mulango, ngazi inakuwa nyembamba, mabega mawili haipite. Granito haiko tena, ni simenti tupu. Garadefu haiko. Inazunguka mara moja, nguvu, kushoto tena, na ngazi ziko juu kuliko za chini, muntu na besani ya nguo alikuwa anapumua kama ngombe. Pale inapogeuka kulikuwa dirisha ya duara, ndogo kama sahani. Nilikuwa ninasimama pale kupumua, nikiona cheminé ya moshi ya kiwanda, nikiona terril nyeusi, ile mulima ya takataka ya madini, nikiona gari ya moshi inatoka ku gare. Kisha ngazi za mwisho, kisha mulango ya mbao, kisha jua yote ya Katanga inakupiga ku uso.

Njo eskalie yote. Nimekupa. Hakuna muntu mwengine mwenye anayo.

Ukifika Ndola, usiwe na haya kuomba kazi ya kuosha sahani. Na bakikuseka kiswahili yako, waache. Nakusikia sasa unasema aksante kwa jirani, umemaliza kusukwa. Unakuja.

Baba yako,
Banza

Leoni, karatasi inaisha na uko pa mulango. Ile dirisha ya duara haikukuwako. Nilifika pale na kalamu, nikakuona uko peke yako mu ile giza na muzigo, basi nikakuwekea dirisha. Ule muzungu alihesabia mwangaza kwa bantu ya chini. Kufika fasi yetu, hakuhesabia tena. Ilikuwa ukuta tu. Tulikuwa tunapanda na mukono mu ukuta, tunapapasa mpaka tunapata mulango. Usichore dirisha, mama. Chora ukuta.